Wasomaji Wauliza: Mikono Iliyoleta Ubingwa Louisiana

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mstari mmoja tu kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kifupi LSU, kilitwaa ubingwa wa besiboli ya vyuo vya Marekani mwezi Juni 2025, na kwamba huo ulikuwa ubingwa wake wa nane. Mstari huo ulikuwa wa kujazia nafasi chini ya matokeo ya ngalawa, na sikutegemea usomwe na mtu. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba kati ya Lamu na Malindi wamo watu wenye kumbukumbu za warushaji wa chuo hicho, wengine za zamani na wengine za juzi, kwa hiyo safu yote ya leo nimewaachia wao.

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaikum. Mimi ni baharia mstaafu wa mtaa wa Langoni, Lamu. Mwezi Juni 1993 meli yetu ilitia nanga Port Allen, ng'ambo ya mto Mississippi kutoka mji wa Baton Rouge, tukipakia ngano. Mlinzi wa geti la bandari alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa waya kwenye mgongo wa kiti, na siku hiyo hakumkagua mtu yeyote. Kila baada ya muda alichora mstari wa chaki kwenye mlango wa kibanda chake, akifuatisha mpira uliokuwa ukichezwa mji mwingine wa mbali. Alipofikisha mistari 16 alinikumbatia, ilhali hakuwa akinijua kwa jina wala kwa sura. Niliambiwa kwamba aliyekuwa akihesabiwa ni mrushaji, kijana wa mwaka wa kwanza chuoni. Wajukuu wangu wanasema nimeota. Kijana huyo ni nani, na ile mistari ilikuwa ya nini?

JIBU: Wa alaikum salaam, mzee wangu. Wajukuu waje wakuombe radhi, maana mlinzi yule alihesabu sawasawa. Kijana ni Brett Laxton, na mpira aliokuwa akiusikiliza ni fainali ya Jumamosi, 12 Juni 1993, iliyochezwa Omaha, katika jimbo la Nebraska, ambako fainali za besiboli ya vyuo zimekuwa zikifanyika tangu 1950. LSU iliifunga Wichita State mikimbio 8 kwa 0 (mkimbio ni mtu kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, pale mpigaji anaposimama), na Laxton, akiwa kweli katika mwaka wake wa kwanza, alirusha duru zote tisa bila kupokewa na mtu.

Mistari ya chaki ilikuwa ya wapigaji aliowatoa kwa straiki. Kwa wajukuu wasioujua mchezo huu: mrushaji husimama juu ya kichuguu kilichoinuliwa kama sentimita 25 kutoka ardhini, na humrushia mpigaji mpira kutoka umbali wa mita 18.44. Mpigaji akikosea mara tatu, iwe kwa kuupiga hewani au kwa kuuacha ukapita mahali alipopaswa kuupiga, hutolewa bila mtu mwingine uwanjani kulazimika kukimbia wala kudaka. Timu huishiwa na mchezo wake watu 27 wakishatolewa, watatu katika kila duru. Laxton peke yake, kwa straiki tu, aliwatoa 16 kati ya hao 27, na katika mechi ya kuamua ubingwa hakuna aliyekuwa amewahi kufika huko.

Liko jambo jingine, mzee wangu, ambalo nadhani litakufurahisha kwa kuwa shehena yenu ilikuwa ngano. Wichita iko Kansas, nchi ya ngano, na timu ya chuo hicho huitwa Shockers kwa sababu wanafunzi wa zamani walikuwa wakijitafutia ada kwa kuvuna ngano mashambani na kuisimamisha matita matita. Kwa hiyo huenda siku ile mlikuwa mnalijaza tumbo la meli kwa zao la watu wale wale ambao mlinzi alikuwa akiwapigia mistari ya chaki mlangoni.

Ukubwa wa alichokifanya Laxton hauonekani vizuri mpaka mtu akumbuke kwamba wakati huo ubingwa uliamuliwa kwa mechi moja tu. Utaratibu wa kushindania mechi mbili kati ya tatu ulianza 2003. Mwaka 1993 hapakuwa na kesho ya kusahihisha makosa, na kocha Skip Bertman, aliyekiongoza kikosi hicho kuanzia 1984 hadi 2001 na kukipa mataji matano, alimkabidhi mechi hiyo mtoto ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa bado sekondari. Baadaye Laxton alifika ligi kuu, akacheza kidogo Oakland na kidogo Kansas City, wala hakudumu. Hilo halimpunguzii kitu. Nahodha aliyevusha jahazi kwenye mlango wa bahari siku ya kusi kali haulizwi alivua samaki wangapi uzeeni.

SWALI: Mhariri, sisi ni mashemeji wawili, tuko Malindi. Mmoja wetu alisoma Baton Rouge miaka ya themanini, na mwingine ana mwanawe aliyeko huko sasa. Tunabishana kila tunapokutana: nani mrushaji mkubwa zaidi wa LSU, Ben McDonald au Paul Skenes? Tumekubaliana kuwa neno lako ndilo la mwisho, na atakayeshindwa atawapikia wenzake pilau.

JIBU: Waheshimiwa, pilau hilo nitalicheleweshea kidogo, kwa sababu swali lenu lina maswali mawili ndani yake.

Kama mnauliza mkono wenyewe, yaani nguvu na uwezo wa kumfanya mpigaji aonekane kama mtu anayefukuza nzi kwa gongo, basi wote wawili ni majabali. McDonald, mwenye kimo cha zaidi ya mita mbili, alishinda tuzo ya Golden Spikes mwaka 1989, ambayo hupewa mchezaji bora wa besiboli isiyo ya kulipwa, na mwaka huo huo akawa wa kwanza kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wote wa ligi kuu, akaenda Baltimore. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa na timu ya Marekani iliyoshika nafasi ya kwanza katika Olimpiki za Seoul. Msimu wa 1989 aliwatoa kwa straiki wapigaji 202, hesabu ambayo katika ligi yao ya kusini mashariki ilisimama miaka 34 bila kuvukwa.

Aliyeivuka ni Skenes, mwaka 2023, alipofikisha 209. Huyu alianzia katika Chuo cha Jeshi la Anga, ambako alikuwa pia mdakaji, yule anayechutama nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, na mpigaji, kisha akahamia LSU kwa msimu mmoja tu. Mitupo yake ilikuwa ikipita maili 100 kwa saa, ambazo ni kilomita 160 na ushei. Kwa mwendo huo mpigaji huwa na kama nusu sekunde isiyotimia ya kuamua apige au aache, na amri ya kutoka ubongoni mpaka mikononi hula sehemu kubwa ya muda huo. Aliwaruhusu wapinzani wastani wa mikimbio 1.69 kwa kila duru tisa. Naye pia alichaguliwa wa kwanza, akaenda Pittsburgh, na mwenzake wa LSU, Dylan Crews, akachaguliwa wa pili, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa watu wawili wa chuo kimoja. Mwaka 2024 Skenes alikuwa mchezaji mpya bora wa ligi ya Taifa, na 2025 akapewa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora.

Lakini kama mnauliza mrushaji wa ubingwa, McDonald hana taji. LSU ilitwaa lake la kwanza 1991, yeye akiwa ameshaondoka. Sisemi haya kumshusha shemeji wa miaka ya themanini. Nayasema kwa sababu yanatuleta kwenye jambo ambalo mashabiki wengi hulipita mbio: huyo Skenes mwenyewe, aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali za Omaha 2023, yaani mashindano yote ya timu nane za mwisho, hakurusha hata mpira mmoja katika mechi tatu za fainali yenyewe.

Mambo yalikwenda hivi. Tarehe 22 Juni LSU ilikutana na Wake Forest, na atakayefungwa anafunga virago. Skenes alirusha duru nane, mitupo 120, akaruhusu mapigo mawili tu, yaani mara mbili tu mpigaji aliupiga mpira akafika kituoni. Upande wa pili Rhett Lowder naye alikuwa akirusha kama aliyeapa, na ubao ukakaa sufuri kwa sufuri. Katika duru ya nane Wake Forest walikuwa na mtu kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka nyumbani, na mpigaji wao akaugusa mpira kwa hila ili uviringike polepole huku mwenzake akikimbia kuleta mkimbio. Tre' Morgan, mlinzi wa kituo cha kwanza, aliuwahi mpira akiwa tayari anaanguka, akautupia kwa mdakaji Alex Milazzo, na mkimbiaji akaguswa akiwa anaserereka vumbini. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mkono wa Skenes ulikuwa umefanya yote unayoweza kufanya, na bado timu ingekufa pale kama si mkono wa mtu mwingine. Kisha Thatcher Hurd akaja, akarusha duru tatu bila kufungwa, na katika duru ya 11 Tommy White akaupiga mpira ukavuka ukuta. Ikawa 2 kwa 0.

Sasa Skenes amechoka, na fainali inaanza baada ya siku moja tu ya mapumziko. Aliyepewa mpira mechi ya kwanza dhidi ya Florida ni Ty Floyd, ambaye kabla ya hapo watu walimtaja kama unavyotaja mchuzi baada ya kusifu wali. Floyd aliwatoa kwa straiki watu 17 katika duru nane. Riley Cooper akamalizia, na LSU ikashinda 4 kwa 3 katika duru ya 11. Siku ya pili Florida waliwafunga 24 kwa 4, na sitaki kuieleza zaidi ya hapo. Siku ya tatu Hurd alirudi kichuguuni, akafungwa mikimbio miwili katika duru ya kwanza kwa pigo moja lililovuka ukuta, kisha akatulia kama maji ya demani mpaka akamaliza duru sita, na wapigaji wake wakamlipa: 18 kwa 4.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kwa mkono, Skenes yuko mbele ya McDonald kwa unywele. Kwa ubingwa wa 2023, bila Floyd na Hurd hata jina la Skenes lingekuwa katika orodha moja na la McDonald, ile ya wakubwa wasio na taji. Pilau na lipikwe na shemeji wa miaka ya themanini, lakini mwenzake anunue nyama.

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana wa Shela. Juni 2025 nilikesha hotelini nikiwa zamu ya usiku pamoja na mgeni mmoja kutoka Louisiana, tukimtazama Kade Anderson kwenye simu yake. Mgeni alilia. Je, Anderson anastahili kuwekwa pamoja na hao wa zamani, au ni mimi nilisombwa na machozi ya mgeni?

JIBU: Machozi yale yalikuwa mahali pake, kijana wangu. Omaha wakati wa kiangazi iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo mechi ya kule inayoanza magharibi huku kwetu huanza saa nane za usiku, na najua kukesha kwa kusi la Juni, mtandao ukikatika kila upepo ukitikisa makuti, si jambo dogo.

Mechi mliyoitazama ni ya kwanza ya fainali dhidi ya Coastal Carolina, timu iliyofika pale ikiwa imeshinda mechi 26 mfululizo. LSU ilipata mkimbio mmoja katika duru ya kwanza, kwa pigo la Steven Milam, na basi. Kuanzia hapo Anderson alikuwa amebeba yai moja kwa mkono kwa duru tisa nzima. Alirusha mara 130, akawatoa kumi kwa straiki, akaruhusu mapigo matatu, na ubao ukabaki 1 kwa 0. Msimu ule aliwatoa kwa straiki watu 180, hakuna mrushaji mwingine wa vyuo nchini mwao aliyefika huko, na fainali zilipokwisha akatangazwa mchezaji bora wa Omaha. Mwezi uliofuata Seattle wakamchukua wa tatu katika uteuzi wa wachezaji wapya.

Pengine mgeni wako alikuwa akikumbuka kitu ambacho simu haikuonyesha. Anderson, anayerusha kwa mkono wa kushoto, alipasuliwa kiwiko kabla hajaanza kucheza chuoni, upasuaji unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Daktari huchukua kano kutoka mahali pengine mwilini, mara nyingi kwenye kigasha, akatoboa mifupa ya kiwiko na kuipitisha humo kama mshonaji anavyopitisha ugwe kwenye tanga lililochanika. Mgonjwa hukaa mwaka na zaidi kabla ya kurusha tena kwa nguvu. 

Nikiulizwa mechi tatu za warushaji wa LSU ambazo ningezihifadhi nyumba ikiungua, ningechukua ya Laxton 1993, ya Skenes na Wake Forest 2023, na hii ya Anderson. Lakini ona tena: siku iliyofuata Anderson alikuwa amekaa benchi. Anthony Eyanson ndiye aliyeanza, Chase Shores akafunga kazi, LSU ikashinda 5 kwa 3. Na katika fainali hizo hizo Gage Wood wa Arkansas alifanya makubwa kuliko wote kwa mechi moja: dhidi ya Murray State hakuruhusu pigo hata moja, akawatoa 19 kwa straiki, jambo la kutoruhusu pigo likiwa halijaonekana Omaha tangu 1960. Siku mbili baadaye Arkansas walitolewa na LSU.

Wengine wa miaka ya nyuma nitawataja kwa ufupi, kwa kuwa wasomaji wawili wameniuliza kwa simu. Kikosi cha 1991 kilikuwa na Chad Ogea, aliyekuja kuishindia Cleveland mechi mbili katika fainali ya ligi kuu ya 1997. Mataji ya 1996 na 1997 ni ya wapigaji, na sioni sababu ya kujifanya vingine. Mwaka 2000 Trey Hodges aliingia kama mrushaji wa akiba katika fainali na Stanford, LSU ikiwa nyuma, akaziba tundu mpaka wenzake wakageuza matokeo kuwa 6 kwa 5, na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora. Mwaka 2009, dhidi ya Texas, Anthony Ranaudo alianza mechi ya mwisho na Louis Coleman akaimaliza. Coleman ndiye ninayeona amesahauliwa bila haki, ingawa katika ligi yao alikuwa mrushaji bora wa mwaka.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Malindi, ninafundisha raunda. Wanafunzi wangu wameonyeshwa besiboli na mzazi mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo, na sasa kila mmoja anataka kuwa mrushaji. Ninaye msichana wa miaka 11 mwenye mkono wa ajabu, na wenzake wanataka arushe kila siku. Kwa nini hao wa vyuo hawamtumii aliye bora kila mechi, nami nimruhusu wangu kiasi gani?

JIBU: Mwalimu, barua yako ingefaa kutangulia zote, maana ndiyo inayoeleza kwa nini Skenes alikaa kando siku ya fainali.

Katika raunda mtoto hurusha kutoka chini, mkono ukipita karibu na paja, na bega halilalamiki sana. Mrushaji wa besiboli hurusha kutoka juu, na mkono unapotoka nyuma ya sikio kuja mbele, kiwiko huvutwa upande wa ndani kwa nguvu inayokaribia mwisho wa uwezo wa kano zake. Ukirusha mara moja hakuna neno. Ukirusha mara mia, nyuzinyuzi za kano huanza kulegea na misuli inayoilinda huchoka, na ukirudia kesho yake kabla havijajijenga upya, uzito wote unaangukia kile kilichokwisha dhoofika. Ndiyo maana timu za vyuo kwa kawaida humpa mrushaji wao mkuu mechi moja kwa wiki, na ndiyo maana ubingwa huenda kwa timu yenye mikono mitatu au minne mizuri. Nguvu za mtoto ziko katika hatari zaidi, kwa sababu mifupa yake bado inakua na ncha zake ni laini.

Kuhusu kiasi, wenye ligi za watoto kule Marekani, ziitwazo Little League, wameweka hesabu unayoweza kuifuata bila kubadilisha kitu. Mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mitupo 85 kwa siku, na akifika 66 au zaidi apumzike siku nne kamili. Wa miaka 9 na 10 wasizidi 75, na wa 7 na 8 wasizidi 50. Hesabu hizo ni ukomo, usizichukue kama shabaha ya kufikiwa. Mitupo ya mazoezi ya kuupasha mwili haimo ndani yake, kwa hiyo mimi ningesimama mapema zaidi. Mpe mtoto mmoja asiyecheza siku hiyo kazi ya kuhesabu kwa sauti, maana mwalimu huchanganyikiwa mechi inapokolea.

Umbali nao uupunguze. Zile mita 18.44 ni za watu wazima. Kwa umri wa wanafunzi wako hutumika futi 46, ambazo ni mita 14. Kata kamba ya katani ya urefu huo, ufunge fundo kila upande, uinyoshe mchangani kabla ya kila mchezo. Na huyo msichana, siku asizorusha, mweke kituo cha kwanza, alipokuwa Tre' Morgan.